Nyama ya Mwili na Kisu cha Daktari

Leo sitaanza na dalili za ugonjwa kama ilivyo desturi yetu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa makamo aliletwa na bintiye kwenye kituo nilichokuwa nikifanya kazi, huku upande wa Msambweni. Alisema chakula hakimpiti. Akila matonge mawili ya sima amejaa, na usiku hutapika. Kwa miezi mingi alikuwa akimeza dawa za vidonda vya tumbo za kununua dukani. Binti yake aliniambia, "Sista, mama amekwisha." Nikampandisha kwenye mizani, ikasoma kilo 70. Nikatazama kadi yake ya zamani, nikaona kilo 74. Basi nikamjibu yule binti, tena kwa kujiamini, kwamba mama bado ana mwili, asiwe na wasiwasi. Barua ya kwenda hospitali kubwa nilimwandikia kwa sababu ya kule kutapika, na hilo nililifanya sawa. Lakini pale panapoulizwa hali ya mwili niliandika maneno mawili tu: lishe nzuri.

Sikuzingatia kwamba alipotaka kuinuka kwenye benchi alijisukuma kwa mikono yote miwili, na bado binti ilibidi amshike kwapani. Sikumfunua leso nikaona kwamba vifundo vya miguu vilikuwa vimejaa maji, na juu yake mapaja yamebaki kama vijiti. Mizani ilipima maji na mafuta, mimi nikasoma afya.

Alikutwa na saratani ya tumbo. Alipasuliwa, na wapasuaji walifanya kazi yao vizuri, uvimbe wote ukatoka. Lakini mshono ulikawia kufunga. Kisha akapata nimonia kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukohoa makohozi yatoke. Wiki ya tatu alifariki. Binti alipokuja kunipa habari hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kama uvimbe ulitoka, mama amekufa na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kusoma, na kuwauliza madaktari kila nilipopata nafasi. Niliyoyapata ni hadithi ya zaidi ya miaka 140, nayo ndiyo nitakayokusimulia leo.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Nikisema tumbo hapa sina maana ya tumbo lote la nje, nina maana ya mfuko wa chakula, pale chakula kinapotua baada ya kumezwa. Na nikisema nyama ya mwili nina maana ya misuli, yaani ile inayokuinua, inayokutembeza, inayovuta pumzi na kukohoa. Sio mafuta. Mtu anaweza kuwa na mafuta tele na nyama kidogo, kama nguo nzuri iliyotundikwa kwenye mti mkavu.

Kwamba saratani hii humkondesha mtu si habari ngeni. Napoleon Bonaparte, yule mfalme wa Ufaransa, alifariki mwaka 1821 akiwa mfungwa wa Waingereza katika kisiwa cha Saint Helena. Madaktari walipoupasua mwili wake walikuta mfuko wa chakula umeharibika, na wataalamu wengi wa leo wanakubali kwamba ilikuwa saratani. Mwaka 2005 watafiti wa Uswisi walifanya jambo la ajabu kidogo: walipima viuno vya suruali zake zilizohifadhiwa, wakalinganisha za mwanzo na za mwisho. Wakakadiria kwamba katika miezi yake ya mwisho alipungua zaidi ya kilo 10. Mke wako akikuambia suruali yako inapwaya, usimcheke.

Wakati wa Napoleon hapakuwa na la kufanya. Kumpasua mtu tumbo kulikuwa ni kumuua. Kwanza ilibidi zije dawa za usingizi, miaka ya 1840, na kisha ujuzi wa kuua vijidudu kwenye kidonda, miaka ya 1860. Hapo ndipo wapasuaji wakathubutu. Mwaka 1879 Jules Péan wa Paris alimkata mgonjwa sehemu ya mfuko wa chakula iliyokuwa na saratani, na mgonjwa akafa siku ya tano. Mwaka 1880 Ludwik Rydygier, Mpolandi, akajaribu, na wake hakufika hata siku moja. Kisha tarehe 29 Januari 1881, mjini Vienna, Theodor Billroth akampasua mama wa miaka 43 aitwaye Therese Heller. Kazi ilichukua kama saa moja na nusu. Mama huyu akaamka, akala, akarudi kwao. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kupona upasuaji wa namna hiyo.

Vitabu vingi vinamsifu Billroth, na anastahili. Mimi humfikiria zaidi Therese. Alikuwa amekonda sana, anatapika, na kwa majuma kadhaa alikuwa akiishi kwa maziwa ya mgando peke yake, kwa kuwa ndiyo yaliyokaa tumboni. Haya ni maziwa lala unayoyajua wewe. Siwezi kusema ni maziwa yaliyomvusha, lakini mtu asiyepitisha kitu kingine akapata maziwa amepata protini, na protini ndiyo nyama inayojengwa nayo. Aliishi kama miezi minne, saratani ikarudi kwa kuwa ilikuwa imeshasambaa, na akafariki mwezi Mei mwaka huohuo.

Mwaka 1897 Carl Schlatter wa Zurich, Uswisi, alikwenda mbali zaidi. Alimtoa mama wa miaka 56 mfuko wote wa chakula, akaunga koo la chakula na utumbo. Watu walidhani binadamu hawezi kuishi bila mfuko huo. Yule mama alilishwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, uzito wake ukapanda, akaishi zaidi ya mwaka. Shika hapo pa kulishwa kidogo kidogo, tutaparudia.

Kwa muda mrefu baada ya hapo wapasuaji walishughulika na mkono wao: ukate wapi, uunge vipi, ushone kwa uzi gani. Mgonjwa akifa walisema kisu kilikosea, au umri, au Mungu amependa. Walichelewa kuutazama mwili wenyewe.

Aliyefungua mlango ni David Cuthbertson wa Glasgow, Scotland, mnamo 1930. Yeye hakushughulika na saratani. Alipima mikojo ya watu waliovunjika miguu, akaona wanapoteza naitrojeni nyingi kupita kiasi. Naitrojeni hiyo hutoka kwenye protini. Hesabu yake ilionyesha kwamba haiwezi kutoka pale palipovunjika peke yake. Ilitoka kwenye nyama ya mwili mzima. Maana yake, msikilizaji, ni hii: mwili ukijeruhiwa hujila wenyewe. Huvunja misuli ili upate vifaa vya kuziba kidonda na kupigana na vijidudu, kama mtu anayengoa makuti ya jiko ili azibe paa la chumba cha kulala wakati wa masika. Na kisu cha daktari, hata kikiwa cha kuponya, kwa mwili ni jeraha tu.

Sasa jiulize. Mwenye jiko kubwa atangoa makuti na bado ana jiko. Asiye na jiko atangoa nini?

Jibu lilikuja mwaka 1936 kutoka Cleveland, Marekani. Daktari Hiram Studley aliwatazama wagonjwa waliopasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo vya muda mrefu. Hawa walikuwa wa vidonda, sio wa saratani, lakini upasuaji wao ulikuwa wa palepale kwenye mfuko wa chakula. Alitaka kujua kwa nini wengine hufa na wengine hupona. Akatazama umri, akatazama moyo na mapafu, akatazama upasuaji ulikuwa wa namna gani. Lililojitokeza kuliko mengine ni uzito uliopotea kabla ya kufika mezani. Waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao, mmoja kati ya 3 alikufa. Waliopoteza chini ya hapo, waliokufa hawakufika 4 kati ya 100. Na wote hao walipasuliwa kwa ujuzi uleule.

Hata hivyo Studley alitumia mizani, na mizani ndiyo iliyonidanganya mimi. Hapa historia yetu inarudi nyumbani Afrika Mashariki, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa chuoni.

Katika miaka ya 1930 hadi 1950 daktari Hugh Trowell, ambaye alianza kazi hapa Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Kampala, alikuwa akiwatibu watoto waliovimba miguu na uso, nywele zimegeuka rangi. Ni ugonjwa wa kwashakoo, ambao wazee wetu wengi walidhani ni mtoto kunona au kurogwa. Yeye na wenzake Davies na Dean waliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Chini ya uvimbe ule wa maji, nyama ya mtoto ilikuwa imekwisha. Ukimweka kwenye mizani utapata kilo ambazo si zake.

Akaja Derrick Jelliffe, profesa wa afya ya watoto chuoni Makerere kuanzia 1959. Mwaka 1966 alitoa kitabu kupitia Shirika la Afya Duniani kuhusu kupima lishe ya watu vijijini, mahali pasipo na mashine. Miongoni mwa njia zake ilikuwa kupima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe, kisha kufinya ngozi ya nyuma ya mkono na kupima unene wa mafuta, halafu kufanya hesabu ndogo ya kutoa mafuta ubaki na nyama. Utepe tunaowafunga watoto mkononi leo kule Kinango wakati wa ukame, ule wenye nyekundu, manjano na kijani, ni mjukuu wa kazi hiyo.

Ninalisema hili kwa uchungu kidogo. Siku niliyompokea yule mama, utepe wa watoto ulikuwa mfukoni mwangu. Nilijua vizuri kwamba mtoto aliyevimba asipimwe kwa kilo peke yake. Haikunijia kwamba mtu mzima naye ni mwili uleule.

Huko Ulaya na Marekani mambo yaliendelea. Mwaka 1968 walionyesha kwamba kiumbe anaweza kulishwa chakula kamili kupitia mshipa mkubwa wa damu. Mwaka 1989 Irwin Rosenberg wa Marekani akalipa jina tatizo la kupungukiwa na nyama ya mwili: sarkopenia, maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama. Yeye alikuwa akiwazungumzia wazee. Wataalamu wa saratani wakalichukua jina hilo, kwa kuwa picha ya CT ambayo mgonjwa wao hupigwa ili kutafuta uvimbe huonyesha pia misuli. Wakaanza kupima eneo la misuli kwenye pingili ya tatu ya kiunoni.

Mwaka 2008 Carla Prado na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walitoa matokeo ambayo niliyasoma mara mbili. Waliwatazama wagonjwa wanene wenye saratani za mapafu na za njia ya chakula. Wanene, nasema, wale ambao mimi na wewe tungesema "huyu ana akiba". Takriban 15 kati ya kila 100 walikutwa na nyama kidogo sana chini ya mafuta yale, na hao waliishi muda mfupi kuliko wanene wenzao wenye misuli. Nilipoifunga karatasi hiyo nilikumbuka zile kilo 70.

Kwa saratani ya mfuko wa chakula yenyewe, kazi kubwa imefanywa Japan, Korea na China, kwa sababu ugonjwa huu ni mwingi huko. Tafiti nyingi zimekwenda upande mmoja: wenye nyama kidogo kabla ya upasuaji hupata matatizo mengi zaidi baada yake, kama nimonia na mshono kuvuja, na miaka wanayoishi baadaye ni michache. Mwaka 2015 Wajapani waliongeza jambo jingine. Mgonjwa aliyepoteza asilimia 5 au zaidi ya nyama ya mwili ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kupasuliwa alishindwa zaidi kuendelea na dawa za saratani za kumeza alizopangiwa. Kwa hiyo nyama haimvushi mgonjwa siku ya kisu tu. Inambeba pia kwenye kemo.

Usidhani basi kwamba ni ugonjwa wa Wajapani na Wazungu. Mwaka 2001 yalichapishwa makisio kutoka Hospitali ya Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, yaliyoonyesha kwamba saratani hii iko kwetu zaidi ya ilivyodhaniwa. Huku Pwani tatizo letu kubwa ni kuchelewa. Mtu anaumwa na chembe ya moyo mwaka mzima, anameza dawa za tindikali, anakwenda kwa mganga, anarudi. Ukiona chakula kinakukinai upesi, unatapika, choo ni cheusi kama lami au unakonda bila sababu, usiendelee kujitibu. Ni lazima upigwe kipimo cha kamera ya kupitia kooni. Na ukiwa huko kwenye foleni ya kipimo, nyama yako inaendelea kwisha. Hapo ndipo mimi na wewe tuna kazi, maana hapo hapahitaji mashine.

Natazama tunavyouguza wagonjwa wetu kuanzia Diani hadi Vanga, na nasema kwa upendo: tunawamaliza kwa huruma. Mtu akishaambiwa ana saratani, hutandikiwa kitanda, mlango ukafungwa, akaambiwa apumzike. Akitaka kwenda msalani anashikwa. Akitaka kufagia ua ananyang'anywa ufagio. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wachache wenye afya njema kwa siku 10 tu. Wazima, hawana ugonjwa. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Fikiria basi mgonjwa ambaye hali, aliyelazwa mwezi mzima.

Na chakula chenyewe ni nini? Uji mwepesi na chai ya mkandaa. Tunasema tumbo lake ni bovu, basi tumpe laini. Ulaini sio kosa, kosa ni kwamba ndani yake hamna kitu. Kikombe cha uji mwepesi wa mahindi kina protini kama gramu 2. Wataalamu wa lishe ya wagonjwa wa saratani wanashauri zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na ikiwezekana gramu 1 na nusu. Mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 60 na 90. Kwa uji ule angehitaji vikombe 30 ili afike kiwango cha chini tu.

Sasa tazama vilivyo karibu nasi. Yai moja ni kama gramu 6. Bilauri ya maziwa, au maziwa lala, ni kama gramu 8. Kipande cha samaki cha gramu 100, awe changu au tafi, ni kama gramu 20. Kikombe cha pojo au kunde zilizopikwa ni kama gramu 14. Dagaa wakavu ukiwasaga na kuwachuja unga wao, ukatia vijiko viwili katika uji uleule, uji umegeuka chakula. Korosho za hapa kwetu Msambweni ukizisaga zikawa laini, vivyo hivyo, na zinampa nguvu pia. Tui la nazi lina mafuta ya kumpa nguvu, lakini usilihesabu kama protini. Sisemi mgonjwa ale sahani kubwa. Hawezi. Vijiko vichache kila saa mbili au tatu vinafanya kazi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza kuhusu kiasi.

Kuna mzee mmoja mvuvi, wa upande wa Gazi, ambaye tulimpata mapema kidogo kuliko yule mama. Alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Familia ilikuwa imeshachanga fedha na ilitaka apasuliwe kesho yake. Daktari mpasuaji akasema hapana, aende akale kwanza wiki mbili. Ndugu zake walinijia wamekasirika. "Sista, uvimbe unakua, wao wanatuambia tule!" Niliwaelewa, kwa sababu inaonekana kama mzaha. Lakini huo ndio mwongozo unaofuatwa leo: mgonjwa aliyedhoofika sana alishwe siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama ni wa saratani na hata kama tarehe itasogea. Wasiopitisha chakula kabisa huingizwa mpira wa kulishia au hulishwa kwa mshipa. Yeye alipitisha vitu laini. Mkewe alimpikia supu ya samaki iliyopondwa pamoja na nyama ya samaki yenyewe, sio maji yake tu, na mayai yaliyopigwa ndani ya uji. Nami nilimwambia ajikokote kwenda msikitini kwa miguu kila swala aliyoiweza, na akirudi akae kitini na kuinuka mara kumi. Alilalamika sana. Alisema nimemfanya mwanajeshi uzeeni.

Alipasuliwa, na siku ya pili wauguzi wakamkalisha, wakamtembeza. Hii nayo ina historia yake. Zamani mgonjwa wa tumbo alinyimwa kila kitu kwa siku nyingi na kulazwa chali. Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet, mpasuaji wa Denmark, alionyesha kwamba wagonjwa wakipunguziwa maumivu vizuri, wakaamshwa mapema na kulishwa mapema, hupona upesi. Hata ile desturi ya kufunga kutwa nzima kabla ya upasuaji imelegezwa kwa wengi, wanaruhusiwa maji hadi saa mbili kabla. Lakini mwenye saratani iliyoziba njia ya chakula asijiamulie. Afuate aliloambiwa na hospitali yake, maana kwake hatari ya kutapika akiwa usingizini ni kubwa.

Mzee yule yuko hai, huu ni mwaka wake wa tatu. Mfuko wake wote wa chakula ulitolewa. Anakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo, kama yule mama wa Zurich. Akila vitu vitamu sana kwa wingi moyo humwenda mbio na jasho kumtoka, kwa kuwa chakula huangukia utumboni kwa kishindo, basi sharubati ameiacha. Na huchomwa sindano za vitamini B12. Mfuko wa chakula ndio unaotengeneza kitu kinachouwezesha mwili kuifyonza vitamini hiyo, na usipokuwapo, akiba iliyoko kwenye ini huisha polepole baada ya miaka, damu ikapungua na miguu ikafa ganzi. Wengi huacha sindano kwa kuwa wanajiona wazima. Usiache.

Siwezi kukuambia kwamba yule mama angepona kama ningeona mapema. Saratani yake ilikuwa imekaa. Lakini wiki mbili za chakula na mazoezi zilikuwapo, alizipitisha kitandani akisubiri tarehe, na mimi ndiye niliyeandika kwamba lishe ni nzuri.

Siku hizi mtu mzima akija na dalili za tumbo, mizani ni mwanzo tu. Namwuliza miezi sita iliyopita alikuwa kilo ngapi, au mkanda wa suruali ulifungwa tundu la ngapi. Nabonyeza kifundo cha mguu nione kama kidole kinaacha shimo. Kisha namwomba akae kitini, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano mfululizo bila kujishika, nami natazama saa. Ikizidi sekunde 15, au akishindwa, naandika katika barua yake ya rufaa kwamba misuli ni dhaifu na naomba aonwe na mtu wa lishe kabla ya kupangiwa kisu. Unaweza kumpima hivyo mzazi wako leo, mtu mwingine akisimama karibu ili asianguke.

Kabla sijaondoka kuna swali lililoletwa na msikilizaji wa Ukunda. Anauliza kama baba yake, aliyetolewa mfuko wa chakula mwaka jana, anaweza kufunga Ramadhani inayokuja. Kwa upande wa afya jibu langu ni hili: mwili wake unategemea milo sita ya mchana na usiku, na kukaa kutwa bila kula wala kunywa kutamrudisha nyuma kwenye ile nyama aliyoipigania. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na namna ya kulipa fidia atamweleza sheikh wake. Nendeni mkamwone pamoja, na mumchukulie barua ya daktari, kwa sababu wazee wetu hawa wakiambiwa na sisi wanawake wa hospitali peke yetu huwa hawakubali.